Mhariri, tuchapishie saa za maji kupwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Gazeti lako hutuchapishia ratiba ya ligi, hali ya hewa, bei ya dola na, msimu ukifika, bei ya korosho mnadani. Naomba mstari mmoja tu uongezwe: saa za maji kupwa, yaani bahari inaporudi nyuma, na maji kujaa kwa Mtwara, na ikiwezekana kwa Lindi na Kilwa pia. Naomba nieleze kilichonifikisha kwenye ombi hili, maana mimi si mvuvi. Mimi ni fundi cherehani.

Tena ni mtu wa Newala. Kwetu kule juu maji yalikuwa kitu cha kupangia foleni na ndoo, na mpaka napata ndevu sikuwahi kuyaona yakiwa mengi kiasi cha kumtisha mtu. Nilishuka Mtwara mjini mwaka 1998, nikafungua kibanda Magomeni, na tangu hapo bahari kwangu ilikuwa ya kutazama Jumapili asubuhi pale Shangani, nikila mihogo ya kukaanga na pilipili, kisha narudi nyumbani viatu vikavu. Kwamba baharini kuna viumbe nilijua kwa sababu niliwaona sokoni.

Sasa binti yangu wa mwisho, yuko darasa la sita, akarudi shule na karatasi. Matembezi ya wazi ya kutazama viumbe wa pwani wakati wa maji kupwa, Shangani, Jumamosi saa tatu asubuhi, bure, kila mtu anakaribishwa, aje na kofia na maji ya kunywa. Akanibana mpaka nikakubali. Kufunga kibanda Jumamosi huku magauni matatu ya harusi yamelala mezani hayajatiwa zipu si jambo dogo. Mafundi wenzangu wananielewa.

Tulifika watu kama arobaini, wengi wao wanafunzi, na walimu wawili watatu. Waandaaji sitawataja, ni vijana wenye nia njema, wana fulana na kipaza sauti. Bahari tu ndiyo hawakuishirikisha kwenye mpango wao. Maji yalikuwa yamefika kwenye mchanga na yanazidi kupanda. Kiongozi akasema tuvute subira, yatashuka. Tukavuta subira. Saa tatu na nusu yamepanda. Saa nne, mawe mawili tuliyokuwa tukiyaona yakachungulia kwa mara ya mwisho yakazama. Tukaonyeshwa picha za viumbe kwenye karatasi, tukagawiwa soda, watoto wakapigwa picha wakiwa wameipa bahari mgongo, tukatawanyika.

Tukiwa bado tunangoja, yule bibi ninayenunua kwake mihogo miaka yote alikuwa anawasha jiko lake. Akaniita.

"Fundi, leo mkutano wa nini hapa?"

"Shikamoo bibi. Tunasubiri maji yakupwe."

"Marahaba." Akapuliza moto kwanza, akaufunika na kikaango, ndipo akacheka. "Mwanangu, leo mwezi ishirini na mbili. Maji mafu haya. Hayo yanakwenda kujaa, yatageuka karibu na saa tano. Mkitaka kupwa mngoje mpaka jioni, na hiyo jioni yenyewe hayatakuachieni kitu. Hukuuona mwezi alfajiri?"

Nilikuwa nimeuona. Nilipotoka msikitini ulikuwa utosini, nusu, kama kipande cha chungwa. Niliuona kama ninavyoiona nguzo ya umeme.

Akaniambia turudi Jumapili ya wiki ijayo, siku ya nane. Tuwe pale saa tatu na nusu, maji yatakuwa yanakimbia kwenda nje, na yatafika mwisho wake saa nne na nusu au kuzidi kidogo. "Na hizo ndala uache nyumbani," akasema.

Wiki ile nilikaa na jambo hili. Nilimwuliza kijana mmoja kati ya waandaaji, ambaye ni mteja wangu, naye akakiri kwa uungwana kuwa walipanga tarehe kwa kuangalia ukumbi, gari na ruhusa ya shule, na mwezi hakuuliza mtu. Kisha akanieleza vizuri. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa msitari mmoja, na hapo ndipo bamvua: maji hujaa sana na hukupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, huyu anavuta huku na yule anavuta kule, maji yanakuwa mafu, yanapanda kidogo na kushuka kidogo. Katika pwani yetu tofauti kati ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua kubwa hupita mita 3, yaani mtu mrefu na mtoto wake begani. Na kila siku maji huchelewa kwa dakika hamsini hivi kuliko jana yake. Ndiyo sababu huwezi kusema "tutakutana Jumamosi saa tatu maji yakikupwa" bila kutaja Jumamosi ipi.

Nikamwambia basi wewe na bibi wa mihogo mnasema kitu kimoja. Akasema ndiyo, ila bibi hajahitaji kusomea.

Jumapili tulikuwa watu kumi na mmoja. Mimi, binti yangu, watoto wanne wa jirani, mama yao, mwalimu mmoja, yule kijana na mwenzake mmoja, na bibi. Jiko halikuwepo. Nikagundua kuwa kumbe zile asubuhi nilizokuwa nikifika Shangani nikalikosa jiko, nikadhani anaumwa, bibi alikuwa huko ndani anachokoa pweza. Miaka yote hiyo nilikuwa mteja wake kwa siku za maji mafu tu.

Alikuwa amevaa yeboyebo na soksi, khanga ameipiga kibwebwe, mkononi chuma chembamba chenye ncha iliyopinda kidogo. Mimi nilivaa raba za zamani. Shingoni nilikuwa na futikamba yangu, sikukumbuka hata kuivua, binti yangu akaona aibu. Baadaye ndiye aliyeiomba kila dakika mbili.

Mhariri, sijui kama umewahi kuona bahari ikiwa haipo. Pale ambapo Jumamosi ile palikuwa na mawimbi, palikuwa na uwanja. Nilihesabu hatua kutoka mchanga mkavu mpaka ukingo wa maji: 380. Mwanzo mchanga, halafu majani ya bahari yamelala chini yote yakielekea upande mmoja kama nywele zilizochanwa, halafu mawe na matumbawe na vidimbwi, kila kidimbwi na watu wake. Kabla hata hatujafika mbali, bibi alitupa sheria. Fuateni nyayo zangu. Mkono usiende mahali ambapo jicho halijaenda. Na ukifunua jiwe ulirudishe lilivyokuwa, upande uliokuwa chini uwe chini. "Ukifunua nyumba ya mtu, funika." Yule kijana akaongeza sababu: vilivyoganda chini ya jiwe havijawahi kuona jua, vikiachwa juu vinakufa siku hiyohiyo.

Kitu cha kwanza kikubwa kilikuwa kiti cha pweza. Binti akapiga kelele, "Nyota ya bahari!", maana ndivyo kitabu chao kinavyosema, na bibi akamsahihisha taratibu. Alikuwa katika maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, rangi ya kijivu, na mgongoni vinundu vyekundu vimepangwa kwa mistari inayofuata mikono yote mitano. Naijua kazi ya kushona shanga kwenye gauni, na nakwambia yule aliyeshona pale hakukosea hata nafasi moja. Tukampima akiwa humohumo majini, ncha hadi ncha sentimita 21. Kijana akamgeuza kwa sekunde chache tuone chini: kuna mifereji mitano, na ndani yake vimiguu laini vingi visivyohesabika, kila kimoja kinapapasa kivyake kama vidole vya mtoto mchanga. Akamrudisha. Akasema ukimtoa nje ya maji ili upige naye picha unamuumiza, na wale wanaouzwa wakavu kwa wageni walikufa kwa ajili ya kuwekwa kabatini.

Mafuma, wale viumbe wa duara wenye miiba mwili mzima, tuliyakuta kwenye mawe. Naomba msamaha kwa kurudia mambo ya kazi yangu, lakini kila fuma limekaa ndani ya shimo lake lililolienea barabara, kama kifungo kwenye tundu lake. Nilidhani yametafuta mashimo yakaingia. La, jiwe wanalichimba wenyewe, kidogokidogo, kwa meno na miiba. Yale mengine ya miiba mirefu myeusi, ambayo ukiyakanyaga mwiba unakatikia ndani, yamejificha pembeni pembeni kwenye kivuli, na hapo nikaelewa habari ya ndala.

Jongoo bahari hawana uzuri wowote na sitawasingizia. Wamelala kama soseji zilizosahauliwa. Ila bibi alituonyesha kwa nyuma yake kuna vifungu vya mchanga vilivyosokotwa, na kijana akasema huyo anakula mchanga, anachuja uchafu, anautoa safi. Mtoto wa jirani akauliza kama kile ni choo. Ndiyo, ni choo. Watoto wakafurahi kuliko walivyofurahia kitu chochote kile siku ile.

Mahali pamoja bibi alipandisha sauti. Binti yangu alikuwa ameinama kuokota kombe zuri, umbo la pia iliyolazwa, limetiwa madoa kahawia kama kitambaa cha batiki. Bibi akampiga mkono kabla haujafika. "Huyo anachoma!" Ni konokono, yuko hai humo ndani, na ana kijimkuki chenye sumu anachokirusha kuua samaki. Katika jamii yake wapo wanaoweza kumuua mtu. Mimi kombe kama hizo nimeziona zimepangwa kwenye meza ya kuuzia wageni na nikazishika nikiulizia bei. Tupu, nashukuru.

Kauri naye nilidhani namjua, maana bibi yangu mzaa baba alikuwa nazo kwenye kibuyu. Kauri aliye hai hang'ai. Amejifunika koti la nyama lenye vishungi, kwa nje huoni kombe kabisa, mpaka umguse kidogo ndipo anavuta koti ndani na ule mng'ao unatokea. Koti hilo ndilo linalomsugua na kumtengeneza. Nilisimama pale muda mrefu. Miaka ishirini na zaidi nashona makoti na sikuwahi kuona linalovaliwa juu ili kilicho ndani kisichakae.

Na sasa pweza. Sisi tulikuwa tunatazama mawe, bibi alikuwa anatazama takataka. Alituonyesha shimo dogo, pembeni yake magamba ya kaa na vipande vya kombe vimetupwa, na mlangoni kijiwe kimevutwa. "Mwenye nyumba amekula jana usiku," akasema. Tukachuchumaa. Kwa muda hakukuwa na kitu. Halafu sehemu ya jiwe ikafumbua jicho.

Alikuwa kahawia. Bibi alipopitisha chuma karibu, bila kugusa, akawa mweupe wa madoa, kisha mwekundu, kisha akawa jiwe tena. Binti yangu alinishika mkono, jambo ambalo siku hizi halifanyi mbele ya watu. Kijana akatueleza kuwa ana mioyo mitatu na damu yake ni ya buluu, na kwamba pweza asiyefika nusu kilo sheria hairuhusu kuvuliwa. Bibi akasema huyu hajafika, akamkadiria kwa jicho lile moja tu lililoonekana. Akasema atamwacha mpaka bamvua la tatu.

Kisha kijana akasema jambo lililomnyamazisha bibi. Pweza jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Huyaninginiza mayai ndani ya shimo, huyapepea maji, huyalinda, hali chakula, na watoto wakishaanguliwa yeye anakufa. Bibi alikaa kimya kidogo, chuma amekiegemeza begani. Akasema, "Ndiyo maana." Kwamba toka usichana wake kuna siku humkuta pweza kwenye shimo amekonda, ngozi imelegea, hapigani wala habadilishi rangi, na mama yake alimwambia hao ni wagonjwa, usiwachukue. Kumbe walikuwa wazazi.

Hapo ndipo nilipoona faida ya watu wawili hao kusimama kwenye kidimbwi kimoja. Karatasi ya kwanza ilikuja na kipaza sauti na haikuja na bibi.

Saa sita kasoro bibi akageuka bila kutangaza, sisi tukamfuata. Maji yalikuwa hayajaonekana kurudi, na mwalimu akasema bado mapema. Lakini maji hayaji kwa mbele kama watu wa Newala wanavyodhani. Kati yetu na mchanga kulikuwa na mfereji tuliouvuka umekauka. Tulipoufikia, ulishakuwa unatiririka, watoto wakafikwa magotini. Bibi alisema saa ya kwanza maji hutambaa, ya pili hutembea, ya tatu na ya nne hukimbia. Ungeweza kusimama kule mwisho na miguu mikavu, unapiga picha, na nyuma yako mlango umeshafungwa.

Sasa narudi kwenye ombi langu, Mhariri. Bandarini jedwali la maji lipo, meli haziingii Mtwara kwa kubahatisha. Lakini nani kati ya wasomaji wako anaingia bandarini kuliuliza? Utaniambia kuna programu za simu. Zipo, na kijana alinionyesha yake. Simu ya bibi ni ya tochi. Simu yangu mimi huwa na bando siku mbili kwa wiki. Na hata huyo mwenye programu ndiye aliyetuletea Jumamosi ya maji mafu.

Naomba mchapishe kwa saa zetu. Hili nalisisitiza. Majedwali huandikwa kwa saa ishirini na nne, kwamba maji kupwa ni 10:30. Mkiinakili hivyohivyo, mtu wa Mtwara atasoma saa kumi na nusu, atabeba watoto jioni, na siku za bamvua saa kumi na nusu jioni ndipo maji yamejaa mpaka kwenye minazi. Andikeni: kupwa saa nne na nusu asubuhi. Na kando yake wekeni kimo. Kimo cha maji kupwa kikiwa kama mita 0.3, hiyo ni bamvua, nenda na raba zako. Kikiwa mita 1.5, kaa nyumbani umalizie magauni ya watu. Mkitaka kutufurahisha zaidi, wekeni na tarehe ya mwezi mwandamo, maana kwa hesabu hiyo wazee wataweza kuwasahihisha nyinyi mkikosea.

Watakaotumia mstari huo ni wengi kuliko mnavyodhani. Walimu wanaopanga ziara. Wanaopanga shughuli za ufukweni na kukuta viti vinaelea. Wazazi. Watu wa bara kama mimi tuliojaa mji huu. Tumezoea kuambiwa maajabu ya bahari yako Msimbati, kwenye Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, kilomita za mraba 650, na ni kweli yako huko. Lakini pweza niliyemwona alikuwa hatua 300 hivi nyuma ya jiko la mihogo.

Kwa waandaaji, endeleeni, na mkitoa karatasi nyingine tutakuja. Mwulizeni tu bibi kwanza tarehe, na mumlipe kama mnavyomlipa mwenye kipaza sauti. Siku ya bamvua anayotembea nanyi ni siku ambayo hakuchokoa.

Wakati nangoja jibu la gazeti, nimeanza mwenyewe. Ukutani kwa kibanda changu, chini ya kioo cha kupimia nguo, naandika kwa chaki ya kukatia: leo mwezi ngapi, kupwa saa ngapi, kujaa saa ngapi. Bibi hunipa hesabu nikipita kununua mihogo, kijana huilinganisha na jedwali, na mara nyingi hawapishani hata robo saa. Mwanzo wateja walidhani ni vipimo vya suruali ya mtu. Juzi dereva mmoja wa bodaboda alileta jaketi litiwe zipu, akasimama akausoma ukuta, akauliza hiyo Jumapili ya saa nne na dakika ishirini ni kweli. Nikamwambia ni kweli, aje na raba. Akaniuliza kama anaweza kuja na mama yake, ametoka Tandahimba, hajawahi kuona bahari.

Wako msomaji,
Fundi cherehani,
Magomeni, Mtwara